Mhandisi Aliyefeli Somo la Joto

Wiki iliyopita Zainabu, binti wa jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, alikuja barazani kwangu na fomu mkononi. Zainabu ni fundi wa mitambo ya kompyuta katika ofisi moja mjini, na nafasi ya mkuu wa kitengo chao itakuwa wazi mwakani. Aliniamkia, akakaa, akaniuliza kama aende kusoma shahada ya uzamili au abaki kazini aendelee kuonyesha uwezo wake. Wenzake wamegawanyika, alisema. Wengine wanaamini cheti ndicho kinachompandisha mtu, wengine wanasema cheti ni cha kutundika ukutani, kazi ni mikono.

"Babu," akaniambia, "wewe ulikuwa mkuu wa kituo cha umeme miaka kumi na tisa na hukuwa na digrii. Wewe ndiye wa kunijibu."

Nilimwambia aje kesho. Kesho yake nikamwambia aje Jumatatu. Jumatatu nikajifanya nina mafua. Sasa naandika, kwa ajili yake na kwa ninyi wote mnaouliza swali hilohilo, kwa sababu kulijibu kwa mdomo nimeshindwa.

Kwanza mjue kuwa mimi ni mtu wa wivu. Sisemi hivi ili mnione mnyenyekevu. Nilikuwa na wivu wa kitoto, wa kuhesabu, wa kuamka nao asubuhi. Nilimwonea wivu mtu aliyepiga mstari ulionyooka kuliko wangu. Na nilikuwa na hofu ya kukosea ambayo ilinichosha kuliko kazi yenyewe: nikishafunga valvu, nilirudi kuiangalia mara tatu. Nikikosea tarakimu moja kwenye daftari la zamu, nilinakili ukurasa mzima upya. Wenzangu waliniita Karani wa Mashine, na mimi nilidhani wananisifu.

Nilizaliwa Ujiji, katika familia iliyokuja zamani kutoka ng'ambo ya ziwa. Nilimaliza darasa la nane, basi. Miaka michache baada ya Uhuru nikapata kazi ya kufagia na kupaka mafuta kwenye kituo cha umeme kilichokuwa kando ya maji, upande wa Bangwe. Kituo kilikuwa na injini mbili za dizeli. Ile kubwa tuliiita Bi Mkubwa, na ile ndogo, iliyoletwa baadaye na yenye kelele nyingi, Bi Mdogo. Mji mzima wa Kigoma ulipata taa zake kwa wake wenza hao wawili, na kama ilivyo kwa wake wenza, walikuwa hawapatani.

Aliyenifundisha ni Mzee Kajoro, Mha wa Ilagala, aliyewahi kuchochea moto kwenye vichwa vya treni kabla ya kuja kwetu. Hakujua kusoma. Kiswahili chake kilichanganyika na Kiha, na mimi aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, tangu siku ya kwanza. Alinionyesha jinsi ya kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa injini na mpini wake sikioni, ukasikia beringi inavyosema. Beringi nzima huguna, iliyochoka hugonga. Alinifundisha rangi za moshi: mweusi, unampa mafuta mengi kuliko anavyoweza kula; wa buluu, anakunywa oili; mweupe, kuna maji mahali yasipotakiwa. Bomba la maji ya kupozea alilishika kwa kiganja akahesabu. Akifika tano bila kuondoa mkono, mambo ni salama. Akiondoa mkono kwenye mbili, alikwenda mbio kwenye chujio la maji.

Siku moja, baada ya matengenezo, nilisahau kitambaa ndani ya Bi Mdogo. Kilinyonywa kwenye njia ya oili, injini ikaanza kukohoa. Mzee Kajoro alikitoa mwenyewe, kimeiva kama maini, akanikabidhi. Nilitegemea atakitupa ziwani yaishe. Akaniambia, "Nenda nacho kwa mkuu, useme kilikuwa wapi na nani alikiacha." Nilikwenda, nikasema. Nilipewa adhabu ya kufagia uwanja mwezi mzima. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu nilihesabu vitambaa na spana kabla ya kufunga kifuniko chochote. Ninyi wa kompyuta sijui mnasahau nini ndani ya mashine zenu, lakini kihesabuni.

Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe. Injini zilikuja na kitabu kinene cha Kiingereza, na mkuu wa wakati huo hakutaka kitoke ofisini. Basi nilikinakili. Kila siku baada ya zamu nilikaa saa moja, nikaandika kurasa mbili au tatu, na picha nikazichora. Ukurasa ukidondokewa wino, niliuchana. Ilinichukua miaka miwili na nusu. Maana ya maneno niliitafuta kwenye kamusi ya kuazima, na kuna sura nzima za hesabu nilizinakili bila kuelewa hata mstari mmoja, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mkuu yule alipoondoka, mimi ndiye niliyekaimu. Ujamaa ulikuwa umeshika kasi, kila siku tunaambiwa kwamba wananchi ndio watakaoendesha mitambo yao, na mimi niliamini mwananchi anayesemwa ni mimi. Nilikaimu miezi tisa. Taa hazikuzimika hata mara moja kwa uzembe. Nilikuwa nimeshaanza kufanya mazoezi ya kusaini jina langu juu ya neno Mkuu wa Kituo, na nilikuwa na saini nne nisizojua ipi nichague.

Ndipo akaja Mligo.

Alishuka kwenye treni na begi moja na boksi la vitabu. Alikuwa kijana wa nyanda za juu kusini, amerudi karibuni kutoka nchi za baridi na digrii ya uhandisi, makao makuu wakampa kituo chetu. Nilitaka awe na majivuno ili nipate cha kushika. Hakuwa nayo. Alimwamkia Mzee Kajoro shikamoo kabla hajaniangalia mimi. Akavaa ovaroli, akaingia chini ya Bi Mkubwa, akatoka amepakaa oili mpaka masikioni, akaniambia, "Fundi Mrisho, mashine hizi zimetunzwa na mtu anayezipenda." Mtu mwingine angefurahi. Mimi usiku ule nilijiuliza kwa nini amesema kuzipenda na hakusema kuzijua.

Nilimwonea wivu rula yake ya hesabu, ile ya kusogeza, aliyoitumia huku akiongea mambo mengine. Nilimwonea wivu barua zake zenye stempu za mbali. Zaidi ya yote nilimwonea wivu jinsi alivyosema "sijui." Alisema sijui mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nisiye na cheti ningesema sijui, wangenirudishia ufagio.

Halafu likaja jambo la kutetemeka. Tulipowasha injini zote mbili pamoja, Bi Mdogo alitetemeka mpaka vikombe vya chai vilitembea mezani. Miaka minne nilipambana naye. Nilikaza bolti za msingi, nikabadilisha mipira, nikalainisha kila kilicholainishika. Mligo alikaa siku tatu na karatasi. Siku ya nne alinionyesha kwamba injini mbili zile zilikuwa hazigawani mzigo sawasawa, moja ikivuta na nyingine ikisukumwa, akaniomba nirekebishe gavana ya Bi Mdogo, kile kidhibiti cha mwendo, kwa robo ya mzunguko. Robo. Nikageuza, na vikombe vikatulia.

Alikuwa amelitoa jibu kwenye zile sura za hesabu. Nilikwenda kufungua nakala yangu, nikazikuta, zimeandikwa kwa mkono wangu, hazina doa. Nilikuwa nimekaa na jibu kwenye sanduku miaka yote hiyo na sikuwa na macho ya kulisoma. Basi msiniletee maneno ya kwamba cheti ni cha kutundika ukutani. Kuna mambo mkono hauyafikii.

Lakini badala ya kumwambia Mligo nifundishe, na angenifundisha, nilikwenda kutafuta kasoro yake. Karani wa masijala alikuwa rafiki yangu. Nikamwomba nilione faili la mhandisi, kwa kisingizio fulani cha likizo. Ndani kulikuwa na karatasi ya alama zake za chuo. Nilizisoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Hisabati, juu kabisa. Umeme, vizuri. Na pale katikati, somo la joto na mashine: amefeli, akarudia, akapita kwa shida.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilitembea mpaka nyumbani Ujiji kwa miguu, sikuhisi umbali. Kesho yake, kwenye chai, nikalitoa. Nikasema jamani, mhandisi wetu alifeli joto. Fundi mmoja akasema basi si ajabu, kule kwao ni baridi, joto angelijulia wapi. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo akaitwa Baridi. "Baridi amefika." "Baridi anataka daftari la zamu." Mwenyewe alilisikia, akadhani wanamtania kwa sababu ya kwao, akacheka pamoja nasi. Mzee Kajoro hakucheka. Aliniuliza habari za karatasi za mtu zimefikaje kwenye chai, nami nikajifanya napuliza kikombe.

Sasa nifike kwenye taa.

Maji ya kupozea tuliyavuta ziwani. Bomba lilianzia kwenye kisima cha saruji ukingoni, na mdomoni mwake palikuwa na kapu la waya, yaani chujio, la kuzuia majani na takataka. Mtu wa zamu alitakiwa kwenda kulikagua mara kwa mara, na gizani ilikuwa taabu, mawe yanateleza. Kijana mmoja alianguka akavunjika jino. Mligo akaamua kuweka taa kubwa juu ya nguzo, pale pale juu ya kisima, iwake usiku kucha.

Mtoto yeyote wa Ujiji angemwambia. Dagaa hufuata mwanga. Ndiyo maana wavuvi wetu hutoka na karabai wakati wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hukaa nyumbani wanashona nyavu, kwa sababu dagaa hutawanyika ziwa zima hawaoni sababu ya kukusanyika mahali. Ukiweka taa kubwa juu ya maji, umewaita. Na ukiwaita juu ya bomba linalovuta maji, umewapeleka kwenye chujio kwa maelfu.

Mligo hakuwa mtoto wa Ujiji. Alikulia milimani. Dagaa aliwafahamu wakiwa wakavu, kwenye sahani. Alinionyesha mchoro wa nguzo, akaniuliza, na maneno haya nayakumbuka yalivyo:

"Fundi Mrisho, wewe mwenyeji. Unaona tatizo lolote hapa?"

Niliutazama mchoro. Mistari yake ilikuwa imenyooka sana.

"Sioni tatizo, Ndugu Mhandisi. Wewe ndiye mtaalamu."

Mzee Kajoro hakuwepo. Alikuwa Ilagala kwenye msiba wa dada yake. Aliyefunga taa alikuwa fundi wa nyaya aliyehamia kutoka Tabora. Wenzangu wengine, walioona, walidhani mimi nimeshasema, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa ofisini na mhandisi. Taa ikawaka mwezi ukiwa mpevu, na haikutokea kitu. Mligo akafurahi. Mimi nikaanza kuhesabu siku za mwezi. Nimeshawaambia nilikuwa mtu wa kuhesabu. Kila alfajiri nilitazama juu, nikaona umepungua kidogo. Sikutaka mtu aumie, hilo niaminini. Nilitaka asubuhi moja mji mzima uulize kwa nini hakuna taa, na jibu liwe mtu mwenye digrii aliyeshindwa na dagaa. Nilikuwa nimeshaandaa mpaka uso nitakaouvaa.

Mzee Kajoro alirudi siku ambayo mwezi haukuonekana kabisa. Alipokea zamu kutoka kwangu saa kumi na mbili jioni. Siku hizo Bi Mkubwa alikuwa amefunguliwa kwa matengenezo, mji wote umebebwa na Bi Mdogo peke yake. Tulisimama mlangoni, akaiona nguzo.

"Taa ile juu ya chujio kaiweka nani?"

"Mhandisi."

"Na dagaa?"

"Ameambiwa."

"Kaambiwa na nani?"

"Nimemwambia mimi, mzee. Amesema amelipigia hesabu."

Alinitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. Aliamini. Kwa nini asiniamini? Ni yeye aliyenifundisha kusema kitambaa kilikuwa wapi.

Asubuhi nilipofika, kituo kilikuwa kimya. Ninyi hamjui ukimya wa kituo cha umeme. Uani palikuwa na madebe matatu yamejaa dagaa wabichi na wengine wamemwagika chini, wanang'aa. Mligo alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono kati ya magoti, ovaroli yake imelowa mpaka kiunoni. Yeye ndiye aliyeingia majini kuwatoa, kwa mikono. Akaniambia yaliyotokea. Maji yalikatika, joto likapanda. Mzee Kajoro alitakiwa azime injini mara moja, lakini kuizima ni kuuzima mji, pamoja na wodi ya wazazi, na Bi Mkubwa hayupo wa kumpokea. Akataka kwanza kutoa mvuke na kuongeza maji kwa ndoo. Alipolegeza kifuniko, mvuke ulimpiga kifuani na mkono wa kulia wote.

"Yuko hospitali," Mligo akasema. "Mimi ndiye niliyeweka taa."

Uso niliokuwa nimeuandaa sikuupata tena. Nilishika ndoo, nikaanza kuzoa dagaa.

Makao makuu walituma watu watatu. Walikaa ofisini mchana mmoja, wakamwita Mligo, kisha mimi. Mligo hakujitetea. Alisema taa ni wazo lake, hakujua tabia ya samaki wale, na ilimpasa ajue. Mwenyekiti wao alikuwa na faili mbele yake, ameliwekea kidole. Akasema, hapa inaonekana somo la joto lilikushinda chuoni, na nimesikia hata wafanyakazi wanalisema. Mligo akakubali kwa kichwa. Hapo ndipo alipojua maana ya jina lake la Baridi. Aliniangalia, si kwa hasira, alikuwa anaona haya mbele yangu.

Kisha mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe ni mwenyeji wa hapa, na ulikuwa kaimu. Ulijua kwamba taa itavuta dagaa?"

Fikirini nilipokuwa nimekaa. Upande mmoja mtu ambaye nikisema ndiyo, atabaki kuwa mkuu wangu, na mimi nitafukuzwa, na nitastahili. Upande wa pili kiti cha mkuu wa kituo, chenye mto wa kijani, kilichokaliwa miezi tisa na mimi na sikutaka kukiacha. Nilihitaji neno moja tu.

"Hapana, ndugu mwenyekiti. Mimi ni fundi wa mashine, si mvuvi."

Mligo alihamishwa kabla ya mwezi kuisha, akashushwa cheo. Asubuhi ya kuondoka alinipa mkono akaniomba nimwangalie Mzee Kajoro. Aliacha michoro ya tangi la akiba, la kuwezesha injini kupozwa kwa muda hata kama bomba la ziwani limeziba. Nililijenga. Lilikuwa zuri sana, liliokoa kituo mara kadhaa. Ile michoro niliinakili upya kwa mwandiko wangu, kwa sababu nakala yake ilikuwa na doa la oili, na nilipofika pembeni, mahali pa jina la mchoraji, niliandika Mrisho.

Barua ya kunithibitisha ilifika. Mzee Kajoro alikuwa ameshatoka hospitali, mkono haunyooki, kazi ameacha. Nilikwenda kumsalimia kwake nikiwa na mawese na migebuka wawili. Alikuwa amesikia habari za cheo, na za jibu langu kwa wale watu watatu. Alisimama, na kusimama kulimuuma, akanipa mkono wa kushoto.

"Hongera, Mkuu."

Nilisubiri aseme kingine. Akanikaribisha kiti, akamwita mkewe apokee samaki wa Mkuu. Tuliongea habari za mvua. Hakuniuliza kitu, wala hakumwambia mtu yeyote, na mpaka tunamzika hakuniita tena mwana wanje.

Nilikuwa mkuu mzuri, wengi watawaambia. Kila bolti ilihesabiwa. Lakini kila makao makuu walipotaka kuniletea kijana mwenye digrii, nilipata sababu ya kumkataa: nyumba ya kumweka hakuna, kazi ni za mikono. Sura zile za hesabu hakuna aliyezisoma kituoni kwetu mpaka nilipoondoka.

Mligo nilimwona tena mara moja. Karibu nistaafu alikuja kwa ukaguzi, sasa ni mtu mkubwa huko juu, nywele zimepungua. Alinikumbatia mbele ya watu. Akataka kwenda kwenye kaburi la Mzee Kajoro, nikampeleka. Njiani akanisimulia kwamba baada ya Kigoma alirudi shule. Aliomba kusoma shahada ya pili, miaka miwili ng'ambo, akamwacha mkewe na mtoto mchanga, na somo alilolichagua ni lilelile la joto.

"Nilijiambia, hata Fundi Mrisho, mwenyeji, hakujua," akasema. "Basi halikuwa jambo la wenyeji, lilikuwa jambo la kusoma. Ningesoma vizuri mara ya kwanza, mzee yule asingeungua. Ikabidi nikasome."

Tulikuwa tumefika kaburini. Hapakuwa na mtu mwingine. Hakuna kitabu cha joto duniani chenye habari za dagaa wa Ujiji na taa. Jambo lile angelipata kwangu, na aliniuliza. Nilifungua mdomo nimwambie. Ule wivu wangu wa zamani ukarudi, nikasikia sauti yangu inamwuliza alipata alama gani.

"Za juu kabisa," akasema, kwa aibu kidogo.

Usiku ule sikulala, na si kwa majuto. Majuto yalikuja baadaye.

Zainabu, ijaze fomu, nenda. Ukishindwa somo, rudia, na usiifiche karatasi. Ama hilo la kwamba babu yako alikuwa mkuu wa kituo bila digrii ni kweli, nimekueleza nilivyoupata ukuu huo, usinitolee mfano. Nakuomba pia unisaidie kwenye mashine zako hizo kutafuta kama Ndugu Mligo bado yu hai. Akipatikana, mpelekee karatasi hizi kama zilivyo, na madoa yake, sitazinakili upya. Mwambie nilijua.